Kuondoa si Kusanidua: Vitenzi Vilivyosahaulika katika Istilahi za Kompyuta

Aghalabu wanaistilahi wa Kiswahili hushughulikia nomino. Tarakilishi, kipanya na tovuti zimejadiliwa hadi zikachujuka, ilhali vitenzi vimeachwa vijitafutie njia. Upungufu huu hausumbui sana katika programu zenye vitufe na picha. Hujitokeza kwenye mstari wa amri, ambako mtumiaji huandika kitenzi kimoja nayo mashine ikatenda.

Mfano mwafaka ni mfumo wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, pamoja na Ubuntu uliozaliwa kwao. Humo, maktaba si jengo la vitabu bali ni mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa kwa ushirika na programu nyingi. Kifurushi cha libc6, kwa mfano, hutegemewa na takribani kila kitu. Kwa hivyo anayesakinisha programu moja huweza kuletewa maktaba kumi asizoziagiza, na anayeondoa maktaba moja huweza kupoteza programu zote zinazoitegemea.

Kitenzi sakinisha kinafaa. Asili yake ni moja na ya maskani, na kifurushi kilichosakinishwa hakika kimepewa makao. Utata uko kwenye kinyume chake. Amri ya apt remove hukitoa kifurushi lakini hubakiza mafaili yake ya usanidi katika saraka ya /etc. Apt purge huyafuta hayo pia. Mfasiri anayeyaita matendo yote mawili "kuondoa" humpotosha msomaji. Neno sanidua, lililozoeleka katika simu za Android, hutumiwa kwa maana ya kuitoa programu nzima. Hata hivyo, kimofolojia lina kiambishi cha kutendua, kama fungua na tegua, nalo latokana na sanidi, yaani kupanga mipangilio. Maana yake halisi basi ni kuvunja usanidi, na mahali pake ni purge. Remove ibaki kuwa ondoa. Wapo watakaodai kwamba matumizi yameshaamua. Labda yameamua kwa simu. Mstari wa amri bado haujapata mwenyewe.

Hili si suala la urembo wa lugha. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia wa Kanada, alijaribu kusakinisha Steam katika mfumo wa Pop!_OS. APT ilimwonya kwamba vifurushi muhimu vingeondolewa, ikamtaka athibitishe kwa kuandika sentensi nzima yenye maana ya "Ndiyo, fanya nisemavyo!" Akaiandika, na eneokazi lake lote likaondoka. Onyo hilo lilikuwa katika Kiingereza, lugha yake mwenyewe. Mwanafunzi anayelisoma kwa lugha ya tatu ana kinga gani?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi ya aina hiyo inawezekana hata katika APT. Msimbo wake ulibeba angalizo kwa wafasiri kuhusu sentensi ile: wajihadhari na herufi ngumu kuchapa. Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake, kwa hivyo hapo hakuna taabu. Taabu ni kuchagua baina ya "nisemavyo" na "ninavyosema", kwa kuwa mtumiaji ambaye angeandika la pili palipotakiwa la kwanza angekataliwa.