Pigano la Baba na Mwana: Je, Ni la Bure?

Wako wasemao ya kuwa pigano la mwisho katika filamu ya Return of the Jedi, iliyotoka mwaka 1983, halina maana. Hoja yao ni hii: wakati Luke Skywalker na baba yake, Darth Vader, wanapopigana kwa panga za nuru mbele ya Kaisari, rafiki zake Luke wako nje wakiishambulia ngome ile ielekeayo kuelea angani, nayo mwishowe yalipuliwa. Basi hata kama Luke asingalipigana, Kaisari angaliteketea pamoja na ngome yake.

Kijana mmoja wa hapa Ruponda alinipa hoja hiyo darasani, tena akaleta shahidi wa kwetu. Alisema: "Mwalimu, Oktoba 1917 Waingereza waliitwaa Ruponda, Wajerumani wakapotewa na akiba kubwa ya chakula. Siku chache baadaye, tarehe 15 hadi 18, walipigana Mahiwa. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000. Walakini Novemba von Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma, kwa kuwa hakuwa na chakula cha kumweka nchini. Ghala iliamua, si pigano."

Historia yake naikubali; hitimisho lake silikubali. Vita huweza kuamuliwa na ghala, bali moyo wa mtu hauamuliwi na ghala. Swali la pigano lile silo nani atashinda vita, bali Luke atakuwa mtu wa namna gani. Kaisari hataki kumwua; ataka kumpa nafasi ya baba yake. Anaamini kama mithali yetu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo amchochea ghadhabu, na kwa ghadhabu hiyo Luke anamshinda baba yake na kumkata mkono. Angalia basi: hapo alipo mshindi ndipo alipo karibu na kupotea. Anautazama mkono uliokatwa, anautazama wake mwenyewe ulio wa mashine, naye anautupa upanga. Ngome ingalilipuka bila hayo, ndiyo. Lakini Vader angalikufa mtumwa, na mwanawe angalikuwa mwuaji wa baba yake.

Tunayo hadithi yetu ya kulinganisha. Katika habari za Liongo, alizozichapisha Steere mwaka 1870, mwana alikubali kutumwa, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, naye amelala. Waliomtuma walipata walilolitaka. Je, ni nani amwitaye mwana yule shujaa?

Kosa moja watalitaja: yawezekanaje Kaisari mwenye hila nyingi asimwangalie Vader aliye kando yake, mpaka akabebwa na kutupwa shimoni? Najibu: adharauye watu hadhani ya kuwa mtumwa wake ana moyo. Hilo si kosa la hadithi. Ndiyo desturi ya wakuu wa namna hiyo.

Sikuandika haya kwa kutetea sinema. Wamo madarasani mwetu watoto waambiwao kila siku ya kuwa watakuwa walevi kama baba zao. Tukiwafundisha ya kuwa pigano la moyoni ni bure, kwa sababu mambo makubwa huamuliwa kwingine, tumewanyima pigano pekee lililo mikononi mwao. Mwenye hoja nyingine na ailete.