Kibodi Inapokufa Ganzi: Mtafiti wa Fasihi na Tarakilishi Yake

Nilikuwa Siyu, kisiwani Pate, katika wiki ya tatu ya kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili, tarakilishi yangu ilipokataa kuwaka. Betri ilikuwa imekwisha katikati ya shughuli ya kujisasisha. Nilipoipatia umeme, badala ya kunifungulia kazi zangu, iliniletea kioo cha buluu chenye orodha fupi ya mambo ya kuchagua: kuendelea, kurekebisha, kuzima. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Hakuna kilichotikisika.

Humo ndani mlikuwa na saa kumi na moja za sauti ya bibi mmoja wa mji ule, mwenye umri unaokaribia miaka tisini, akighani tenzi alizofunzwa na mama yake kwa lafudhi ya Kisiu ambayo wajukuu wake hawaisemi tena. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nakiri hilo kwa aibu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana nimegundua kuwa wengi wetu katika idara za Kiswahili tunaitumia tarakilishi kama abiria anavyolitumia jahazi: tunajua linafika, hatujui tanga linashikwaje. Vitufe vya kipakatalishi changu pamoja na kibao chake cha kugusa vilikuwa vimeharibiwa na maji ya chumvi safarini, nami nikawa natumia kibodi na kipanya visivyo na waya, vya Bluetooth. (Wanaopendelea kukiita kipanya puku wanisamehe, nitalirudia suala hilo.) Siku zote vilifanya kazi bila tatizo. Lakini hali ya urejeshi, yaani ile hali ambayo mashine huingia inaposhindwa kuwaka kwa kawaida, si mfumo uleule tunaoutumia kila siku. Ni mfumo mdogo wa pembeni, uliohifadhiwa katika sehemu yake maalumu ya diski, nao hubeba viendeshi vichache tu. Kiendeshi ni programu inayoiwezesha mashine kuitambua ala iliyounganishwa nayo. Viendeshi vya Bluetooth kwa kawaida havimo. Kibodi yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa inazungumza na mtu asiyemsikia.

Dawa yake ilikuwa nyepesi mno. Mwalimu mmoja wa pale aliniazima kibodi kuukuu yenye waya. Niliichomeka moja kwa moja katika tundu la USB, nikabonyeza mara tatu, mashine ikarejea na kazi zangu zote. Lakini kabla ya kuipata nilikuwa nimepoteza siku mbili, na nilikuwa nimekwisha kuulizia mashua ya Lamu. Anayeijua Siyu anajua kwamba hilo nalo lina masharti yake, kwa kuwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko hadi mjini huingilika vizuri maji yakijaa tu.

Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo laiti ningefunzwa katika semina yetu ya mbinu za utafiti. La kwanza ni kuitambua asili ya hitilafu. Mashine inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujapanda, mna ukurasa wa mipangilio ya awali unaofikiwa kwa kitufe maalumu, ambacho hutofautiana baina ya mashine na mashine. Ikiwa kibodi inafanya kazi katika ukurasa huo lakini inakufa ganzi katika hali ya urejeshi, basi si kibodi iliyoharibika, wala si tundu. Ni ule mfumo mdogo usioitambua. Ikiwa haifanyi kazi hata huko, jaribu tundu jingine, na usipitishe waya katika kigawanyio cha matundu. Mwenye kioo cha kugusa anaweza kutumia kidole. Na aliyetengeneza mapema flashi ya urejeshi kwa mashine nyingine iliyo nzima anaweza kuiwashia tarakilishi yake kutoka humo. Liko pia suala la usimbaji: mashine nyingi za sasa hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48, na ukitaka kuzifikia faili zako kutoka hali ya urejeshi huenda ukadaiwa ufunguo huo. Uandikwe kwenye karatasi, uwekwe mbali na mashine.

Kuna atakayesema kwamba kosa lilikuwa langu, ningetumia ala za waya tangu mwanzo. Ni kweli. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2025 hata wenye waya walikwama. Sasisho la Windows 11 lililotolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 14 mwezi huo lilizifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi katika hali ya urejeshi, ilhali katika matumizi ya kawaida vilikuwa vizima kabisa. Maana yake ni kwamba mtu hangejua kuwa ana tatizo mpaka siku atakapohitaji kuokolewa. Kampuni ilitoa sasisho la kurekebisha tarehe 20, siku sita baadaye. Lakini mtu ambaye mashine yake haiwaki atalipokeaje? Ilibidi atumie kioo cha kugusa, au flashi aliyokuwa nayo tayari, au kibodi za zamani za pini, zile zenye kichwa cha mviringo ambazo wengi wetu tulizikuta zikitupwa. Hizo hazikuguswa na hitilafu ile.

Sasa nije kwenye hoja inayotuhusu sisi kama wanakiswahili. Maelezo yote niliyoyatoa hapo juu niliyapata kwa Kiingereza. Mwalimu aliyeniazima kibodi angetaka kuyasoma kwa Kiswahili angeyatafuta wapi? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikaleta violesura vya Kiswahili katika miaka iliyofuata. Kazi hizo zilikuwa za kupongezwa. Lakini tangu wakati huo tumetumia wino mwingi kubishana kama ni kibodi, baobonye au kicharazio, kama ni kipanya au puku, huku tukiwa hatujaandika hata kijitabu kimoja cha kumwambia mtu afanye nini ala hiyo, kwa jina lolote lile, inapokataa kufanya kazi. Mimi nimetumia “hali ya urejeshi” kwa kuwa nilihitaji neno na sikuwa na muda wa kungoja kongamano. Mwenye neno bora alilete, lakini alilete ndani ya sentensi yenye manufaa, si ndani ya orodha.

Wapo watakaoniambia kuwa hiyo ni kazi ya mafundi wa tarakilishi, si ya mwanafasihi. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mji uleule wa Siyu. Mji huo ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wake wa ngozi na mbao, na misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono inachunguzwa na wataalamu hadi leo. Maarifa na ufundi viliishi mtaa mmoja. Pale Lamu, Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na mnakili wa tenzi, na papo hapo alikuwa mchonga milango. Sehemu kubwa ya hati alizonakili ziko London na Hamburg. Tunaweza kulalamika, na kwa haki, kwamba zimekwenda mbali na wenyewe. Lakini zimesalia kwa sababu mtu alikaa chini akanakili utenzi uleule zaidi ya mara moja, na nakala zikalala katika nyumba tofauti. Mimi, mwenye chombo kinachonakili kwa nukta chache, nilikuwa na nakala moja.

Ninapendekeza, basi, kwamba idara isimruhusu mwanafunzi yeyote kwenda nyanjani kabla hajaonyesha flashi yake ya urejeshi, kibodi yenye waya, na mahali pawili atakapohifadhi sauti atakazorekodi. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi Siyu. Na chama chetu, kinachoandaa kila mwaka mjadala wa istilahi, kitenge angalau mchana mmoja wa kuandika maelezo haya kwa Kiswahili kinachosomeka, tuyapeleke katika shule za visiwani.

Bibi yule nilipomwelezea masaibu yangu aliniuliza kwa nini sikuandika. Nilirudi kwake baada ya mashine kupona, nikanakili tenzi zote kwa kalamu katika madaftari mawili. Moja nimemwachia. Mjukuu wake alimsomea kwa sauti, naye akanisahihisha mahali panne.