Takwimu za Bahari: Tuulize Zimetoka Wapi

Mwananchi mwenye simu, awe Tanga, Mafia au Mtwara, siku hizi aweza kusoma kwamba kesho saa nne asubuhi mawimbi ya pwani yake yatakuwa na urefu wa mita moja na nusu. Namba hiyo huonekana kamili, kana kwamba mtu alisimama majini na kuipima. Kwa sababu hiyo nahodha huing'oa nanga, na mwalimu huwapeleka wanafunzi ufukweni. Swali ambalo wachache huliuliza ni hili: nani amepima, wapi, na lini?

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya takwimu hizo haikupimwa mahali zinapotajwa. Imekokotolewa. Kompyuta kubwa, nyingi zikiwa katika nchi za ng'ambo, hupokea vipimo kutoka kwenye satelaiti, meli na maboya, kisha hukadiria hali ya bahari yote. Mfululizo wa satelaiti ulioanza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992, na ulioendelezwa na Sentinel-6 iliyorushwa mwaka 2020, hupima urefu wa mawimbi kutoka angani. Lakini kila satelaiti hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 10 hivi, na vipimo vyake hupungua uhakika inapokaribia nchi kavu, yaani pale hasa wavuvi wetu wanapofanyia kazi.

Tena upande huu wa Bahari ya Hindi una vyombo vichache vya kupimia kuliko bahari za mataifa tajiri. Uharamia wa Somalia uliochacha kati ya mwaka 2008 na 2011 ulizidisha upungufu huo. Meli zilizokuwa zikipeleka habari za upepo zililikwepa eneo hilo, na kazi ya kuweka maboya ya utafiti magharibi mwa bahari hii ikacheleweshwa. Mahali pasipo kipimo, hesabu ndiyo hujaza pengo.

Hatusemi kwamba takwimu hizo ni za uongo. Tunasema kwamba hazina uzito mmoja. Jedwali la maji kujaa na kupwa ni la kutegemewa sana, kwa kuwa nguvu za mwezi na jua zinajulikana, na vipimo vya miaka mingi bandarini vimezithibitisha. Bamvua ya mwakani yaweza kutajwa leo. Hata hivyo jedwali hilo halijui upepo, na upepo mkali waweza kuyapandisha maji kuliko lilivyosema.

Mawimbi ni jambo jingine. Utabiri ukisema mita mbili, maana yake ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi moja moja laweza kukaribia maradufu ya kiasi hicho. Aidha, hesabu moja ya kompyuta huchukua eneo la kilometa nyingi kama kitu kimoja. Haiujui mwamba ulioko mbele ya kijiji, wala mlango wa mto ambamo mkondo hupambana na kusi. Hayo anayajua mvuvi mzee. Naye pia asijiamini kupita kiasi, maana wahenga walikwisha kusema kwamba mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea.

Tumeyaona matokeo ya kukosa habari na ya kuwa nazo. Tarehe 26 Desemba 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kutahadharisha juu ya tsunami. Tetemeko lilitokea Sumatra, na saa kadhaa baadaye mawimbi yakafika pwani yetu na kuua watu, wakiwamo waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, na safari za vyombo kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Tahadhari ilikuwa na mwenyewe: taasisi ya umma inayojulikana, inayoweza kuulizwa na kuwajibika.

Kwa hiyo watumishi wa umma wanaoruhusu vyombo kuondoka hawana budi kuanza na taarifa ya Mamlaka, si picha ya simuni isiyotaja chanzo. Maofisa uvuvi waihakikishe inafika kwenye madiko kabla ya alfajiri, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa, nao wairudishe kwa Mamlaka habari ya hali waliyoikuta wavuvi baharini. Walimu wa jiografia na hisabati wawafundishe wanafunzi tofauti kati ya kipimo na makadirio. Somo hilo laweza kuokoa maisha.

Serikali nayo iendelee kuongeza vyombo vya kupimia katika maji yetu wenyewe. Nchi iliyo huru haifai kuisoma bahari yake kwa macho ya wengine peke yake. Boya ni ghali, lakini linaweza kununuliwa tena. Abiria wa chombo kilichozama hawarudi.