Mama na mtoto, sehemu ya 4: Gemu haikimbii
Mama mwenzangu, kijana wangu wa miaka 14 alirudi likizo toka Iringa na nia moja: kumaliza Skyrim, ile gemu ya majoka, kila kazi na kila pango, kwa wiki moja tu. Usiku wa tatu natoka zamu, baridi ya Mbeya unaijua, namkuta macho mekundu bado anacheza.

"Mama, nikizima napoteza."

Si kweli. Skyrim unasevu karibu popote, kesho unaendelea. Ipo tangu 2011, haikimbii. Ila mwili wa umri wake unadai usingizi wa saa 8 hadi 10.

Sikumnyang'anya. Tukakubaliana: saa tatu usiku anasevu, analala. Wiki iliisha hajamaliza, ila kapona macho.

Na wewe, kabla hujazima kwa hasira, muulize kwanza: umesevu?