Mtu akihama na ng'ombe wake: shujaa au mvamizi?

Bumu limeshakata na mitihani iko mlangoni, ila leo naomba niwachokoze kidogo. Hivi kwa nini Mmarekani aliyehama na ng'ombe wake tunamwita shujaa, halafu Msukuma aliyehama na ng'ombe wake tunamwita mvamizi?

Tuanze na Mmarekani, maana muvi zake tunazijua wote. Kuanzia miaka ya 1840 familia nzima nzima zilitoka Missouri kwenda Oregon, safari ya kama kilomita 3,200, miezi minne mpaka sita njiani. Mkokoteni wa maksai umejaa unga, maharage na majembe, kwa hiyo watu wengi walitembea kwa miguu, watoto wakiwemo. Kwenye muvi wanakufa kwa mishale. Ukweli ni kwamba magonjwa, hasa kipindupindu, ndiyo yaliyoua wengi zaidi, na wengine walizama wakivuka mito. Kundi la kina Donner, watu 87, lilinaswa na theluji milimani mwaka 1846, na karibu nusu yao wakafia huko. Mwaka 1862 serikali ikapitisha sheria: kaa hapo miaka mitano, lima, ekari 160 zinakuwa zako kwa ada ndogo tu. Shida zile zilikuwa za kweli, sibishi.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Iyula tuko juu kwenye baridi, kwenye kahawa na mahindi. Ukishuka mpaka bonde la Ziwa Rukwa, kule Momba, unakutana na joto na ng'ombe wengi. Wasukuma walianza kusogea kusini kwa wingi miaka ya 1970 na 1980, kutoka Shinyanga, Mwanza na Tabora. Kwao ardhi ilikuwa imebana, malisho yamekwisha, mifugo na watu wameongezeka. Wakaja kidogo kidogo: vijana wanatangulia na ng'ombe, wanaangalia maji na majani, halafu familia inafuata na mkokoteni, masufuria na kuku. Wamekutana na mbung'o, malaria, vifo vya ng'ombe, na sehemu ambazo shule na zahanati ni mwendo wa siku. Jamani, hii ina tofauti gani na ya Oregon? Tofauti kubwa ni kwamba hawa hawajatengenezewa muvi.

Ila nisije nikaeleweka kwamba nataka tuwatungie na wao sifa. Hapana. Neno "shujaa" lina ujanja wake. Ukishamwita mtu mwanzilishi, ni kama umesema alikuta pori tupu. Kule Marekani halikuwa tupu hata siku moja. Mwaka 1830 walitunga sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini-mashariki, na mwaka 1838 mpaka 1839 Wacherokee wakasukumwa magharibi kwa mtutu wa bunduki, wakafa kama 4,000. Na bonde la Rukwa nalo halikuwa tupu. Wawanda na majirani zao walikuwa wanalima na kuvua pale zamani sana. Shamba lililopumzishwa siyo pori, mwenye macho anajua.

Neno "mvamizi" nalo lina ujanja wake. Ukishalitamka, huna haja tena ya kuuliza nani alimkaribisha. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, bonde la Usangu, wakapelekwa mpaka Lindi na Pwani. Sababu iliyotajwa ni kukauka kwa Ruaha Mkuu na umeme wa Mtera na Kidatu. Lakini mashamba ya mpunga ya umwagiliaji nayo yalikuwa yanakunywa maji mengi ya mto huohuo, na watafiti walishalisema hilo. Lawama kubwa ikabebwa na mwenye ng'ombe, maana yeye ndiye mgeni na anahamishika.

Na sisi Wanyiha tusijitoe kwenye hii hesabu. Wazungu walifungua mashamba ya kahawa Mbozi kati ya vita kuu mbili, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, na kwenye vitabu wakaitwa walowezi hodari. Miaka ya 1930 vijana wengi wa nyanda hizi walishuka Lupa kule Chunya kwenye dhahabu, wakachimba na kulala porini. Nani aliwaita mashujaa? Waliitwa vibarua. Jina linategemea nani anaandika.

Najua kuna mdau atasema: "We unaongea tu, ng'ombe hawajala mahindi ya mama yako." Sawa, hoja ina uzito. Shamba likiliwa, mwenye ng'ombe alipe, tena alipe msimu huohuo. Lakini hilo ni kosa la mtu fulani siku fulani, siyo kosa la kabila zima.

Mimi naona dawa ipo ila tunaikalia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Na mtu wa nje anaruhusiwa kuomba. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: mkutano ulikaa? Aliyekuwa analitumia eneo lile alisikilizwa? Kama majibu ni ndiyo, yule Msukuma ni mwanakijiji mwenzetu na tuache kumhesabia miaka. Kama kiongozi mmoja alipokea ng'ombe wawili kimyakimya akaonyesha eneo kwa kidole, basi tuanze na huyo kiongozi kabla ya kuchoma boma la mtu.

Wengi wetu humu kesho kutwa tutakuwa maafisa ardhi, mahakimu, walimu, watendaji wa kata. Kuna siku karatasi ya kuhamisha watu itakuja mezani kwako, na neno "wavamizi" litakuwa limeshaandikwa juu kabisa. Kabla hujasaini, uliza hayo maswali mawili.

Naomba kuwasilisha.