Wafundisheni Kwanza kwa Kiswahili

Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyelima Fizi, Kongo, akauza dagaa, akalea wajukuu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anafika Marekani, anaingia darasa la Kiingereza, anakabidhiwa karatasi yenye picha ya tofaa. Kando ya tofaa kuna herufi A. Anaambiwa apake rangi nyekundu. Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu, na penseli za rangi za watoto zimemwagwa mezani, nikashindwa kujua nicheke au nigombe.

Lakini tofaa ni dogo. Balaa lenyewe ni kwamba mama huyu hajawahi kusoma lugha yoyote, nasi tunamwanzishia kusoma kwa lugha asiyoijua. Ang'amue kwamba alama hizi ni sauti, na hapo hapo abahatishe maana ya maneno ambayo sikio lake halijawahi kuyasikia. Na lugha yenyewe ni Kiingereza! Though, through, cough, tough: herufi nne za mwisho ni zilezile, matamshi manne. K ya knife imewekwa pale sijui kwa faida ya nani. Akikwama tunasema hashiki, umri umekwenda.

Umri haujamfanya lolote. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Mpe ba, be, bi, bo, bu, na somo halijaisha anasoma "baba", "bibi" na "babu", maneno yenye watu anaowajua. Akishafika kwenye "sabuni", amejua kusoma, na kazi hiyo haifanywi mara mbili. Kesho akikutana na neno la Kiingereza name atalisoma na-me, kama tulivyolisoma sote. Hilo ni kosa la msomaji, mwalimu analinyoosha kwa dakika chache. Asiyejua herufi ni kitu gani hana hata pa kukosea.

Wala si fikra mpya. UNESCO ilishauri hivyo tangu 1953. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilifanya hivyo miaka ya 1970 kwa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, wote kwa Kiswahili, ingawa nyumbani wengi walisema Kisukuma au Kihaya. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha thuluthi mbili. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilitangaza wamebaki asilimia 10 hivi. Punguza chumvi ya serikali upendavyo, bado mafanikio ni makubwa. Kwa hiyo msiniambie kwamba Wabembe na Wafuliiru wa Kongo wana lugha zao. Wanazo, lakini sokoni na kanisani wanasema Kiswahili.

Kwa nini basi haifanyiki? Fuata pesa. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980 inataka mtu ajitegemee haraka iwezekanavyo, kwa hiyo mapema kabisa anasukumwa kiwandani kukata kuku zamu ya usiku, asubuhi anasinzia darasani. Na sheria ya 2014 inayogharimia elimu ya watu wazima inapima programu kwa maendeleo yanayohesabika, na kwa wanafunzi hawa kipimo ni mtihani wa Kiingereza. Mama aliyejua kusoma kwa Kiswahili baada ya miezi michache anaonekana kwenye ripoti kama hajafanya kitu. Mkurugenzi gani atajitakia hasara hiyo?

Badala yake wanakaririshwa kwa ajili ya uraia. Mtihani unataka usome sentensi moja kati ya tatu na kuandika moja kati ya tatu, na orodha ya maneno ya kuandika imechapishwa. Delaware imo. Februari imo, Januari haimo, wakati wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa karani alihitaji tarehe nao hawakuwa na cheti. Nimemwona mzee akichora Delaware umbo kwa umbo, kama anayenakili nakshi za ukili, huku barua ya mwenye nyumba imekaa mfukoni bila kufunguliwa.

Wataniambia darasa moja lina Waafghani, Warohingya na Wakongo, mwalimu ajue lugha ngapi? Hakuna aliyemtaka azijue. Wala Kiingereza cha mdomo hakisimami hata siku moja: salamu, bei, namba ya dharura, vyote viendelee kuanzia wiki ya kwanza. Ninachotaka ni saa mbili za kusoma Kiswahili pembeni yake. Walimu wapo. Wakongo waliofundisha shule za msingi Uvira na Baraka miaka mingi leo wanafunga maboksi kwenye maghala ya miji ya Marekani wanakoishi wakimbizi hawa. Waajirini, muwalipe mshahara kamili, si kadi ya shukrani ya kujitolea. Na wanaoandika ripoti waongeze safu moja ya kuhesabu mtu aliyeanza kusoma, kwa lugha yoyote ile.