Mafunzo Mafupi ya Biashara Ng'ambo: Yalete Soko la Mkonge na Machungwa, Siyo Cheti cha Ukutani

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Msimu wa machungwa unapowadia mkoani Tanga, malori ya wanunuzi huingia hadi vijijini Handeni na Muheza, na sehemu ya shehena hiyo huvuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayejua bei ya soko la mbele, ndiye mwenye usafiri na ndiye anayepanga matunda yahesabiwe namna gani. Mkulima hubaki na jambo moja tu la kuamua, nalo ni kukubali au kukataa. Hiyo ni biashara ya kimataifa inayofanyika chini ya mchungwa, ingawa upande mmja wa mapatano hauna elimu yake.

Kwa kuzingatia hali hiyo, mjadala kuhusu vijana wa Kitanzania kwenda kusoma biashara ya kimataifa kwa muda mfupi katika vyuo vikuu vya nje una maana kubwa kwa wilaya za Handeni na Korogwe. Swali la msingi ni elimu hiyo itarudi nyumbani ikiwa imebeba nini.

Wilaya zilizokwishaunganishwa na dunia

Korogwe haikuanza kushughulika na soko la dunia juzi. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, nchini Marekani, kupitia bandari ya Hamburg. Miche 62 pekee ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyotanda kandokando ya reli ya Tanga, na Korogwe ikawa mojawapo ya vitovu vya zao hilo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za singa za mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi chini ya tani 20,000.

Anguko hilo lilikuwa na sababu zaidi ya moja, zikiwamo za usimamizi wa mashamba. Hata hivyo, sababu kubwa ilitoka nje ya mipaka yetu: kamba za plastiki ziliingia sokoni kwa bei nafuu na kuchukua nafasi ya kamba za katani. Mfanyakazi wa korona hakuwa na namna ya kuona badiliko hilo likija. Hilo ndilo somo la kwanza la biashara ya kimataifa, kwamba zao linaweza kustawi shambani na bado likafa sokoni.

Leo mazingira yamebadilika tena. Dunia inatafuta mbadala wa plastiki, na mkonge umerejea katika orodha ya mazao ya kimkakati ya Taifa. Wakulima wadogo wa Korogwe wamo ndani ya mnyororo huo kupitia vyama vya ushirika vya msingi vya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi. Bandari ya Tanga imeongezwa kina hadi mita 13, hivyo meli kubwa zinaweza kutia nanga gatini. Barabara za lami za Korogwe hadi Handeni na Handeni hadi Mkata zimeifungua Handeni pande zote mbili. Aidha, Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, linapita katika mkoa huu.

Milango ya masoko nayo imeongezeka. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ilianza rasmi Januari 1, 2021, na Tanzania ni miongoni mwa nchi nane zilizochaguliwa mwaka 2022 kuonesha njia katika mpango wa majaribio wa kufanya biashara chini ya utaratibu huo. Kuanzia Desemba 1, 2024, China imeondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zote kutoka nchi zenye maendeleo duni zaidi ambazo ina uhusiano nazo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwemo. Sera ya Mambo ya Nje ya Mwaka 2001, Toleo la 2024, iliyozinduliwa Mei 2025, imeendelea kuiweka diplomasia ya uchumi mbele.

Milango hiyo, hata hivyo, haipitiki kwa kutamani. Msafirishaji anatakiwa kuwa na cheti cha uasili wa bidhaa ili apate nafuu ya ushuru, cheti cha afya ya mimea, uelewa wa madaraja ya ubora, na mkataba unaobainisha nani anabeba gharama na hasara mzigo ukiwa baharini. Anayeshindwa kuandaa nyaraka hizo humuuzia anayeweza, kwa bei ya huyo anayeweza.

Fursa zilizopo

Ipo mipango kadhaa inayotoa mafunzo ya muda mfupi nje ya nchi bila mshiriki kulazimika kuuza mali ya familia. Mpango wa Ushirikiano wa Kiufundi na Kiuchumi wa India, maarufu kwa jina la ITEC, umekuwapo tangu mwaka 1964 na hugharimia mafunzo, nauli na malazi. Singapore ina mpango wake wa ushirikiano tangu mwaka 1992. Japani, kupitia JICA, na China hupokea watumishi na wataalamu kwa kozi za wiki chache. Kwa upande wa Marekani, mpango wa Mandela Washington Fellowship ulioanza mwaka 2014 umewahi kuwapeleka vijana wa Afrika katika vyuo vikuu vya nchi hiyo kwa wiki sita, na uongozi wa biashara ulikuwa moja ya maeneo yake.

Historia ya nchi yetu inaonesha kwamba mafunzo ya namna hii yanaweza kuzaa matunda makubwa. Hayati Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alikwenda Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 kusomea ushirika. Alirejea kwa wakulima wale wale aliowaacha, na mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Siri ya mafanikio yale haikuwa jina la chuo. Bomani alikwenda akiwa na tatizo mahususi mkononi, yaani mizani na bei ya pamba, na alikuwa na chama kilichomsubiri.

Tahadhari kwa wananchi

Hapo ndipo penye funzo kwa Handeni na Korogwe. Kijana anayekwenda ng'ambo kwa wiki sita bila kujua singa za mkonge zinapangwaje kwa madaraja, au chungwa la Handeni linakaa siku ngapi baada ya kuchumwa, atafundishwa mifano ya wengine na atarudi nayo ilivyo. Kijana aliyekwisha kushika daftari la chama cha ushirika atauliza maswali yanayomlipa mkulima aliyebaki nyumbani.

Wazazi na walezi wanapaswa pia kutofautisha vyeti. Cheti cha kuhudhuria kozi ya wiki chache si shahada, na hakiwi shahada kwa sababu kimetolewa na chuo kikuu chenye sifa. Utambuzi wa tuzo za vyuo vikuu vya nje hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na ni busara kuwasiliana na Tume kabla ya kulipa ada badala ya baada ya kurudi. Ufadhili wa kweli huwa na tangazo linaloweza kuthibitishwa kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia au ya ubalozi husika. Anayedai fedha za "kuharakisha nafasi" ya ufadhili hastahili kupewa hata senti. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ahadi ya wakala asiyejulikana harudi zizini.

Vilevile, si kila elimu ya biashara ya nje lazima ifuatwe nje. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho mizizi yake ni Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963, kiko katika mkoa jirani. Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade) na Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA) zinahudumia wafanyabiashara kuhusu masoko na vyeti vya uasili. Mpaka wa Horohoro, uliopo kilometa 65 kutoka jijini Tanga, ni darasa ambalo kijana wa Handeni anaweza kulifikia kwa nauli ya basi.

Nini kifanyike

Halmashauri, kupitia maofisa biashara na maofisa ushirika, zinaweza kuzifikisha taarifa za fursa hizi vijijini mapema, kwa kuwa matangazo mengi huwekwa mtandaoni na hufungwa kabla hayajafika Kwamsisi au Magoma. Vyama vya ushirika navyo vinaweza kumpendekeza kijana wao mwenye sifa, kwa makubaliano kwamba akirudi atakitumikia chama kwa muda maalumu na kuwafundisha wenzake kwa Kiswahili. Anayekwenda naye aondoke na swali moja lililoandikwa na wanachama, na arudi na jibu lake.

Miche 62 iliyovuka bahari mwaka 1893 ilibadilisha sura ya Korogwe kwa sababu ilipandwa na kutunzwa. Elimu inayovuka bahari leo inahitaji matunzo hayo hayo. Ikipata chama cha kuitumia na mkulima wa kuihoji, mnunuzi wa msimu ujao atakapoingia Handeni na lori lake atamkuta mwenye machungwa akiijua bei ya soko la mbele kama anavyoijua yeye.